Kwa vijana wetu wa Idaho: jueni nani aliwalisha wageni

Wanangu na wajukuu zangu mnaosoma Boise na Twin Falls,

Marahaba kwa shikamoo zote mnazonitumia kwa simu. Nasikia shuleni mmefika kwenye safari ya Lewis na Clark, maofisa wawili wa jeshi waliotumwa kuipeleleza nchi ya magharibi ya Marekani. Someni kwa bidii, mjue kwamba mwaka 1803 Marekani iliinunua Louisiana, eneo kubwa magharibi ya mto Mississippi, kutoka kwa Napoleon wa Ufaransa kwa dola milioni 15, na kwamba wenyeji wa nchi ile hawakuulizwa neno. Mwaka uliofuata Rais Jefferson akawatuma watu wake kupanda mto Missouri, watafute njia ya kufika Pasifiki.

Ila mkifika Septemba 1805, msiharakishe. Msafara ulikuwa umevuka milima ya Bitterroot katika theluji, chakula kimekwisha, wanachinja farasi wao wenyewe. Waliposhuka Weippe, huko huko Idaho, Clark alikutana na wavulana watatu wa Nez Perce, taifa ambalo lenyewe hujiita Nimiipuu. Wenyeji wakawapa samaki wakavu na mizizi ya camas, mmea wa huko unaoliwa. Wakawaonyesha namna ya kuchonga mitumbwi kwa moto, wakawatunzia farasi 38 mpaka waliporudi mwaka 1806. Nyinyi ambao wazazi wenu walipita kambi za wakimbizi mnajua mtu mwenye njaa anamtazamaje anayempa sahani. Kwa hiyo mna haki ya kuuliza darasani: wenyeji wale walilipwa nini?

Dhahabu ilipopatikana mwaka 1860, mkataba wa 1863 na serikali ya Marekani ukawanyang'anya karibu sehemu tisa kati ya kumi za ardhi waliyoahidiwa mwaka 1855. Mwaka 1877 jeshi likawafukuza waliokataa kuhama, nao wakakimbia na watoto na wazee kwa njia ile ile ya Lolo, ya kuvuka milima ya Bitterroot, waliyopita wageni wao. Wengi wao walikamatwa Montana, Kanada ikiwa karibu. Linaniuma sana hilo.

Muulizieni na York, mtumwa wa Clark, mtu mweusi aliyekwenda mpaka Pasifiki na kurudi. Wenzake walipewa mshahara mara mbili na ekari 320 kila mmoja. Yeye hakupewa kitu, na alipoomba uhuru wake, Clark alimkatalia.

Sisemi mgombane na walimu wala wenzenu, hao hawakuwepo. Ila mtu asiwaambie kuwa nchi ile ilikuwa tupu, nanyi mkaandika hivyo kwenye mtihani mkanyamaza. Likizo ikifika, ombeni wazazi wawapeleke Spalding, kwenye makumbusho ya Nez Perce. Jirani hapo ni Lapwai, makao ya serikali yao. Wapo, wanafuga samoni na kuwarudisha mitoni. Ingieni kwa adabu, msalimie wakubwa kwanza, mwache wao waeleze habari zao.

Mkirudi nipigieni, mnieleze mlichosikia.

Mzee wenu