Sipunjwi, Mwanangu

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Mimi sijambo. Kidonda cha upasuaji wa titi kimefunga, na mama yako mdogo hapa Temeke ananilisha kama mzazi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Unauliza kwa nini shoga yangu alipigwa mionzi ya saratani ya titi wiki 5 na mimi nimepangiwa wiki 3 na siku moja, na unahisi wananipunja kwa sababu foleni ya mashine ni ndefu.

Nimewauliza. Na hesabu nimepiga mwenyewe, sikufundisha somo hilo bure mpaka nikastaafu. Dozi ya mionzi hupimwa kwa grei. Ratiba ndefu ni grei 50 kwa mara 25, yaani 2 kila mara. Yangu ni grei 42.5 kwa mara 16. Gawanya uone: kila mara napata 2.6 na ushee. Jumla imeshuka, lakini kila dozi imekua, na daktari anasema chembe za saratani ya titi hazihesabu jumla peke yake, ukubwa wa kila dozi nao unaziumiza.

Wala si mimi wa kujaribiwa. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya wanawake 1,608 kutoka nchi 11, wote wenye ugonjwa huu huu wangu ambao bado umo ndani ya vijia vya maziwa, haujatoboa ukuta. Baada ya miaka 5, wa ratiba fupi na wa ratiba ndefu hawakupishana kwa kurudiwa na ugonjwa kwenye titi. Sasa hizo wiki mbili za kugombania daladala za nini?

Ungeniuliza habari ya nyongeza ningekuelewa zaidi. Katika utafiti huo huo, wengine waliongezewa mionzi mara 8 pale palipokatwa tu. Waliorudiwa na ugonjwa walikuwa kama 7 katika 100 bila nyongeza, na 3 kwa waliopewa. Ila hao wa nyongeza wengi zaidi walilalamika titi kuuma na kuwa gumu. Hapo ndipo pananikuna kichwa. Daktari anataka kwanza asome vizuri majibu ya kipimo cha kipande cha nyama walichokitoa kwenye titi: ukali wa chembe, na kingo za kipande hicho zilikuwa safi kiasi gani.

Vidoti vya wino vya kulengea mionzi wameshanichanja kifuani, havifutiki hata kwa dodoki. Nitakuwa nalala chali, mkono juu ya kichwa, dakika chache tu, kisha najifunga kanga yangu naondoka.

Jumatano asubuhi tunakaa na daktari kuamua nyongeza. Nitakupigia, weka simu karibu, na swali lako muulize yeye mwenyewe. Hela ya matumizi ya wiki zile mbili usinitumie, mlipie mdogo wako ada.

Mama yako