Jaji Samuel Chase hakuwa shujaa

Mhariri,

Wanaoandika kuhusu uhuru wa mahakama wanapomtaja Jaji Samuel Chase wa Marekani, aghalabu humsimulia kama mtu mwema aliyeandamwa na wanasiasa na hatimaye akashinda. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini masimulizi hayo yanawadhulumu watu waliosimama kizimbani mbele yake.

Chase alizaliwa Maryland mwaka 1741, akawa wakili, na mwaka 1776 alikuwa miongoni mwa waliotia saini Tangazo la Uhuru. Rais George Washington alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu mwaka 1796. Kwa ujuzi wa sheria hakuwa mtu wa kubezwa: maoni yake ya mwaka 1798 katika kesi ya Calder na Bull, kuhusu sheria za jinai zinazotungwa baada ya tendo kutendeka, yananukuliwa hadi leo.

Enzi hizo majaji wa Mahakama ya Juu walilazimika pia kuzunguka majimboni kusikiliza kesi tangu mwanzo, na huko ndiko ukali wake ulikoonekana. Mwaka 1800, mjini Philadelphia, aliletewa kesi ya uhaini ya John Fries, aliyewaongoza wakazi wa Pennsylvania kupinga kodi ya nyumba na ardhi. Kabla mawakili wa utetezi hawajasema neno, Chase alitoa maandishi yenye msimamo wake juu ya maana ya uhaini. Nao, walipoona kwamba hoja yao kuu imekwisha kuamuliwa, wakajitoa. Fries alihukumiwa kunyongwa pasipo kuwa na wakili, na aliyemwokoa ni Rais John Adams kwa msamaha wake.

Mwaka huohuo, mjini Richmond, alimhukumu James Callender chini ya Sheria ya Uchochezi ya 1798 kwa kuandika maneno makali dhidi ya Rais Adams. Chase alikataa ushahidi wa shahidi muhimu wa utetezi, akawakatiza mawakili mara kwa mara mpaka nao wakaiacha kesi, na Callender akafungwa miezi 9 na kutozwa faini ya dola 200. Naamini hakuna chumba cha habari kinachoweza kuisoma kesi hiyo kwa utulivu, kwa sababu mfungwa alikuwa mtu wa kalamu na kosa lake lilikuwa kumkosoa mkuu wa nchi.

Lililomponza zaidi, hata hivyo, lilikuwa hotuba aliyoitoa Baltimore mwaka 1803 mbele ya jopo la raia wanaoamua kama mtu ana kesi ya kujibu, ambapo alishutumu siasa za chama cha Rais Thomas Jefferson pamoja na upanuzi wa haki ya kupiga kura Maryland. Baraza la Wawakilishi lilimfungulia mashtaka mwaka 1804. Katika Seneti yenye wajumbe 34, ambako zilihitajika kura 23 ili kumwondoa, shtaka la hotuba hiyo lilipata kura 19, nyingi kuliko yote. Maseneta 6 wa chama cha Jefferson mwenyewe walikataa kumtia hatiani. Tarehe 1 Machi 1805 alirudi kwenye kiti chake, akakikalia hadi kifo chake mwaka 1811.

Kwa maoni yangu, maseneta hao 6 ndio wanaostahili sifa ambazo tunampa Chase. Wangemwondoa, kila chama ambacho kingeshika Bunge baada yao kingepata njia ya kuwafukuza majaji kisiowapenda. Lakini kukataa kumfukuza jaji hakuufanyi mwenendo wake mahakamani kuwa mwema, na kura ile haikumrudishia Callender miezi aliyokaa gerezani. Ninawaomba waandishi wanaoitumia kesi ya 1805 kutetea mahakama wawataje pia Fries na Callender, katika makala hiyohiyo.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu wa historia