Wanangu wa maskani, kabla hamjainywa hiyo dawa ya chupa

Asalaam aleikum wanangu wa Kibokoni, na nyinyi mlohamia Bamburi na Likoni lakini kila jioni mwarudi kukalia ubao uleule. Nawaandikia huku kwa simu sababu nikiongea pale mwacheka, mwasema mzee ashaanza mambo yake ya maabara. Haya, leo someni.

Nasikia baadhi yenu mmeacha tembe za sukari za kliniki, sasa mwanywa ile dawa ya chupa isokuwa na lebo, eti inamaliza sukari na kusafisha figo. Mimi sina ugomvi na miti, mamangu alitulea kwa mwarobaini. Tena hiyo metformini mnayoitupa ilitokana na mmea waitwa galega, wazungu wakiutumia zamani kama dawa ya kienyeji, mpaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akatangaza matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa wa sukari. Na hizi tembe mpya za jamii ya gliflozini, zile zinazoitoa sukari kwa mkojo, chanzo chake ni maganda ya mti wa tufaha, haya matufaha ya kizungu mwayanunua Marikiti. Wakemia walikitoa kile kiini 1835, lakini kikinywewa kilikuwa chaharisha na hakifiki kwa damu vizuri, ikabidi kibadilishwe badilishwe sana ndo zikapatikana tembe za kumezwa.

Kwa hiyo miti twaikubali. Ninalouliza ni hiyo chupa imejaribiwa kwa nani, kwa dozi gani, na walokunywa figo zao zikasomaje baadaye?

Kanagliflozini, mojawapo ya hizo gliflozini, kwa mfano, matokeo yake ya figo yalitoka 2019. Walichukua watu 4,401 wa nchi nyingi, wote wana sukari na figo zishaanza kuvujisha protini kwenye mkojo, nusu wakapewa tembe yenyewe na nusu wakapewa inayofanana nayo lakini haina kitu ndani, na si mgonjwa si daktari anayejua nani kapata ipi. Utafiti ukasimamishwa mapema kwa vile faida ilikuwa ishaonekana, hatari ya figo kufeli au kuzorota vibaya, au mtu kufa kwa figo au moyo, ilishuka asilimia 30. Na madhara pia yaliandikwa, fangasi sehemu za siri, na kwa wachache damu kujaa asidi. Mwenye chupa yeye yuasema yake haina madhara hata moja! Mimi hapo ndo nashtuka zaidi.

Sasa figo. Kila moja ina vichujio kama milioni, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikikaa juu miaka, presha nayo ikipanda, hivyo vichujio vyafanya kazi kupita kiasi, kuta zake zaharibika, mwisho protini ya damu yaponyoka kwenye mkojo, kama kifumbu kilochakaa kinavyopitisha chicha kwenye tui. Na hausikii maumivu yoyote. Hata kreatinini ya damu, ile taka ya misuli ambayo figo huitoa, yaweza kusoma sawa hali nguvu ya figo ishapungua karibu nusu.

Maabara nimekishika kile kijiti cha mkojo miaka mingi. Kipande cha protini ni cha manjano, protini ikiwemo chageuka kijani, na mtu akiona manjano yuaondoka na furaha. Lakini kijiti cha kawaida hakioni albumini, ile protini kuu ya damu, ikiwa kidogo, na hapo mwanzo ndipo figo inapookoleka. Kwa hiyo mkienda kliniki ombeni kipimo cha mkojo kiitwacho ACR, kinacholinganisha albumini na kreatinini, angalau mara moja kwa mwaka. Kikizidi miligramu 30 kwa gramu, kirudiwe, na kikibaki hivyo miezi mitatu basi figo ina shida, ongeeni na daktari. Kuna tembe za presha kama losartani, tangu 2001 zajulikana kuchelewesha figo kuharibika kwa wenye sukari, na si ghali sana.

Na mishipa ni hiyohiyo, wanangu. Sukari inayoharibu figo ndo inayoharibu macho na miguu, anayeanza kuona ukungu asikimbilie miwani ya barabarani tu. Na diklofenaki za kununua kemisti kila mgongo ukiuma, wenye sukari ziacheni, zaumiza figo.

Walioacha tembe warudi kliniki wiki hii hii, na wasianze tena wenyewe kwa kubahatisha dozi. Chupa nendeni nayo, daktari aione.

Huyo muuzaji msigombane naye. Mwambieni alete karatasi za maabara za wateja wake, za kabla na za baada, nitazisoma bure. Mimi nishamuomba, akasema ziko nyumbani Mtwapa, atazileta Ijumaa.