Shukrani kwa fundi wa daraja la waya, Kilembe

Ndugu yetu usiyetaka kutajwa, asante sana, Mungu akuzidishie. Vibano vya waya kwenye daraja la miguu juu ya mto Nyamwamba, hapa magharibi mwa Uganda, umevifunga inavyotakiwa: chuma chenye umbo la U kimekalia mkia wa waya, yaani ncha iliyokunjwa isiyobeba uzito, na kitako cha kibano kimeshika waya unaobeba uzito. Wengi hugeuza, ile U ikauponda waya wenye mzigo hadi nyuzi zikaanza kukatika. Tena ulirudi na spana kukaza nati baada ya watu kuvuka siku kadhaa. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu waya mpya ukivutwa hunyooka na kupungua unene, kibano kikalegea.

Na mbao! Umeacha upenyo wa kidole kati yake, maji ya mvua yapite, zisioze upesi. Kwa mto uliofurika vibaya Mei 2013 na Mei 2020, uangalifu huu ni uhai wa watu.

Hukukubali hata soda. Basi sisi wavukaji tuachiane nafasi, tusikanyage kwa mdundo mmoja. Daraja linaloning'inia huyumba zaidi hivyo.