Msiwacheke wachezaji wa White Sox, muulizeni mwenye timu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nilisoma ile habari yenu fupi ya michezo kuhusu timu ya besiboli ya Chicago White Sox, mkaandika kwamba ni timu ya vichekesho, mkaweka na picha ya mchezaji kainamisha kichwa basi imeisha. Mimi naishi hapa Chicago na hii timu naifuatilia karibu kila siku, na kwa kweli iliniuma.

Namba mlizoandika ni za kweli, sibishi. Msimu wa 2024 walicheza mechi 162 wakashinda 41 wakapoteza 121, na tangu besiboli ya kisasa ianze mwaka 1901 hakuna timu iliyowahi kupoteza mechi nyingi hivyo kwenye msimu mmoja. Walianza kwa kushinda 3 na kupoteza 22, baadaye wakapoteza 14 mfululizo, halafu kuanzia tarehe 10 Julai mpaka tarehe 5 Agosti wakapigwa 21 mfululizo. Ishirini na moja! Na besiboli siyo kama mpira wa miguu kwamba ukifungwa una wiki nzima ya kujificha, hapana, huku wanacheza karibu kila siku, yaani unalala umefungwa unaamka wanacheza tena na wewe unafungua simu tena kwa sababu moyo haujakubali. Siku walipoifunga timu ya Oakland 5-1 tarehe 6 Agosti nilikuwa macho mpaka mwisho, na nilifurahi kama wamechukua kombe. Kocha Pedro Grifol alitimuliwa siku mbili baadaye.

Sasa mbona mnawalinganisha na timu ya New York Mets ya 1962? Wale waliopoteza 120 walikuwa timu mpya kabisa, ndiyo kwanza mwaka wao wa kwanza kwenye ligi, wamekusanya wachezaji ambao timu nyingine hazikuwataka. White Sox ni timu ya zaidi ya miaka 100, bingwa wa dunia wa 2005, na mwaka 2021, juzi tu hapo, walishinda mechi 93 wakaongoza kundi lao. Mwaka uliofuata 81, halafu 61, halafu hizo 41. Timu haianguki hivyo kwa sababu vijana wamesahau kushika gongo, kuna mtu juu anaamua nani asajiliwe na pesa kiasi gani itoke. Mmiliki Jerry Reinsdorf yupo tangu 1981, na katika miaka yote hiyo mkataba mkubwa kuliko yote waliowahi kumpa mchezaji ni wa Andrew Benintendi, dola milioni 75 kwa miaka 5, wakati timu nyingine za miji mikubwa zinatoa mamia ya mamilioni kwa mtu mmoja. Na mwaka huo huo wa 2024 tajiri huyo alienda Springfield, mji mkuu wa jimbo letu la Illinois, kuonana na wabunge wa jimbo akitaka pesa ya umma imsaidie kujenga uwanja mpya.

Hapa wasomaji wenu waliozoea soka naomba wanielewe vizuri. Huku HAKUNA kushuka daraja. Ukiwa wa mwisho unabaki ligi ile ile, mgao wa televisheni unaingia kama kawaida, na thamani ya timu inazidi kupanda. Adhabu ndogo iliyopo ni kwenye kuchagua vijana wapya, timu ya mji mkubwa isiyopokea ruzuku ya wenzake hairuhusiwi kupata nafasi za juu miaka miwili mfululizo, kwa hiyo pamoja na kuwa wabovu kuliko wote, White Sox kwenye draft ya 2025, yaani huo uchaguzi wa vijana, hawakuweza kuchagua kabla ya nafasi ya 10. Hiyo adhabu inaumiza nani? Inaumiza timu na sisi mashabiki, mfuko wa tajiri hauguswi.

Tarehe 24 Septemba nilikuwa uwanjani, wanacheza na timu ya Angels, wameshapoteza 120 wamebakiza 1 tu kuvunja rekodi. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja na daftari na penseli, anaandika kila kitu. Mpigaji akikosa mara tatu anaweka herufi K, na kama alisimama tu anatazama mpira unapita, anaiandika K imegeukia nyuma, ndivyo waandishi wa besiboli wanavyofanya tangu zamani. Mwandiko msafi, mistari imenyooka, utadhani ni fainali. Mpaka raundi ya 8 tulikuwa nyuma 2-0, uwanja unaimba uza timu, uza timu, na kuna watu walitaka kabisa tupoteze ili waseme walikuwepo. Halafu vijana wakapata pointi 3 kwenye raundi hiyo moja na aliyepiga wa ushindi ni huyo huyo Benintendi. Mzee hakupiga kelele, alichora tu ile almasi ndogo, alama ya mkimbiaji aliyezunguka vituo vyote akafika kituo cha nyumbani na kupata pointi, akaijaza penseli yote taratibu. Mikono ilikuwa inamtetemeka.

Walishinda zote tatu na Angels wiki ile. Kipigo cha 121 kikaja Detroit tarehe 27.

Desemba wakamtoa Garrett Crochet kwenda timu ya Boston, mrushaji wa mpira aliyewatoa wapigaji 209 kwa ile K msimu ule, mchezaji wetu pekee kwenye All-Star, mechi ya nyota wa ligi, wakachukua vijana wanne. Labda watakuja kuwa wazuri, naomba iwe hivyo.

Mhariri, mkiandika tena habari za White Sox wekeni na jina la mmiliki kwenye kichwa cha habari, picha muweke yake. Mimi tiketi ya Aprili nimeshakata, upande ule ule, nikimkuta yule mzee nitamwomba anifundishe kuandika.

Msomaji wenu,
Chicago