Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Freretown, Mombasa

Wazee wetu, kina mama, ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tumezika, tumeoza, tumewatembelea wagonjwa, tumefyeka makaburi mara mbili, na tumeandika barua kuhusu mtaro unaofurika kila masika. Jibu bado tunalingoja. Vijana wamecheza mpira na wamefungwa. Kamati imekutana kila mwezi, isipokuwa miezi ambayo akidi haikutimia.

Hesabu ni hizi. Daftari lina wanachama 143. Waliolipa ada ya mwaka, shilingi 1,200, ni 51, jumla 61,200. Waliobaki ni 92 na wanadaiwa 110,400. Mfuko wa mazishi haukuguswa ila kwa mazishi. Mfuko wa hema na viti ulianza mwaka na 85,000, zikatoka 48,000 za kuchapisha kijitabu cha historia ya kijiji chetu, zikarudi 21,900 za mauzo, na leo una 58,900. Risiti zote anazo mweka hazina. Anayetaka kuziona aje azione, badala ya kuziulizia kwenye kundi la WhatsApp saa sita za usiku.

Sasa kijitabu.

Wapo wanaosema mwenyekiti amekula hema. Nimeyasikia, na waliosema wanajijua. Kamati ilikaa, ikapiga kura, saba wakakubali na wawili wakakataa, na muhtasari upo. Hema na viti hukodishwa Kongowea siku yoyote, hata kwa mkopo ukijuana na mwenyewe. Mzee anayejua babu yake alishushwa pwani hii kutoka jahazi gani hakodishwi popote, na mwaka huu tumewazika watatu wa namna hiyo. Wawili kati yao niliwahi kukaa nao na kalamu mkononi, kwa nauli yangu na kwa muda wangu. Silitaji hili ili nisifiwe.

Simameni siku moja pale stegi ya Kengeleni. Makanga anaita, abiria wanashuka, wanapita kando ya kengele ya zamani ya kijiji wakiangalia simu. Mpangaji wangu, kijana wa chuo, aliishi hapa miaka miwili akidhani ni lango la shamba la zamani. Sikumlaumu. Nilimuuliza mtoto wa mwanachama mmoja, sitamtaja, naye akaniambia iliwekwa na kaunti.

Kijitabu kinaeleza kwa ufupi kwamba mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar na serikali ya Uingereza, na mwaka huohuo Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukomesha kuwasafirisha baharini. Mateka walionaswa katika majahazi wakakosa pa kupelekwa. Mwishoni mwa 1874 CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana la Uingereza, ikamleta W. S. Price, akanunua ardhi huku bara, ng'ambo ya kisiwa, na mwaka 1875 manowari za Kiingereza zikaanza kushusha watu. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, watu wa huko kusini ambao hawakuwa na lugha moja wala ukoo mmoja. Wakagawiwa viwanja, wakajenga, wakalima, wakaozana. Ndio sisi. Anayeuliza kwa nini kijiji hiki hakina kaya wala mizimu ya mababu kama jirani zetu Wamijikenda, jibu ni hilo.

Kuhusu kengele tumeandika kama wazee walivyosimulia, kwamba ililia kuwaonya watu wakati wa hatari ya kuvamiwa. Na hatari ilikuwapo kweli. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kukishambulia kijiji kwa sababu watoro walikuwa wanakimbilia huku.

Malalamiko ya pili ni ukurasa wa tisa. Hapo tumeandika kwamba msimamizi wa kituo, Streeter, aliwachapa watu viboko na kuwafunga, habari ikafika mpaka kwa serikali ya Uingereza, ikachunguzwa, naye akaondoka. Nimepigiwa simu. Nimeambiwa ninaivua nguo misheni iliyotulea. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alinirudishia nakala yake mlangoni, hakutaka hata kuketi. Nasema kwa adabu zote: jambo hilo lilichunguzwa na wenyewe Waingereza zaidi ya miaka 140 iliyopita, wala halikutoka kichwani mwangu. Mtu aliyetolewa pingu baharini akaja kuchapwa nchi kavu na aliyemkomboa, huyo ni babu ya mtu aliyeketi ukumbini humu, kama amekuja. Kumficha ili jina la msimamizi libaki safi ni kazi ambayo kamati yangu haikuchaguliwa kuifanya.

Malalamiko ya tatu yalinishangaza zaidi, kwamba William Jones amepewa kurasa mbili na Krapf, mmisionari Mjerumani wa CMS, aya moja. Ni kweli, na ni mimi niliyepanga hivyo. Krapf alifika Mombasa 1844, na mkewe Rosine, aliyefariki mwaka huohuo, amezikwa upande wetu huu. Tumelieleza. Lakini Krapf amekwisha kuandikwa na wengi. Jones ni wa kwetu. Alikuwa mateka, akalelewa India katika kituo cha misheni cha Nasik, akarudi pwani hii miaka ya 1860 pamoja na wenzake kina Ishmael Semler na George David. Wao ndio walioitwa Waafrika wa Bombay, na walikuwapo kituo cha misheni cha Rabai miaka ipatayo kumi kabla Price hajafika. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa Jones na Semler ushemasi. Mwaka huohuo Hannington akauawa Busoga akiwa safarini kwenda Uganda, na ni Jones aliyeurudisha msafara wake pwani. Walifika Rabai Februari 1886 wakiwa wamechoka, nguo zimeraruka, mbele yao bendera ya buluu iliyoshonwa neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, utukufu umeondoka. Mtu wa namna hiyo akipewa kurasa mbili, kuna haja ya kumpigia mwenyekiti kelele?

Habari ya ardhi tumeiacha nje kwa makusudi, ina wanasheria wake. Tumesema tu yale yasiyobishaniwa: mkonge ulilimwa Nyali, daraja la kuelea likafika 1931, shule ya wachungaji ikaondoka kwenda Limuru 1930, na daraja jipya la 1980 likaleta mji mzima mlangoni kwetu. Leo upande mmoja tuna kuta za Nyali, upande wa pili umati wa Kisauni, na katikati tumebaki sisi na miembe michache. Wapangaji ni wengi kuliko wenyeji. Ni watu wazuri, wanalipa kodi, lakini wakifa wanasafirishwa kwao, na makaburi ya hapa wanatuachia tufyeke wenyewe.

Hilo linanirudisha kwenye mahudhurio. Siku ya kwanza ya kufyeka walikuja watu 11, watatu wakiwa wa kamati na mmoja alikuwa anapita tu. Siku ya pili walikuja tisa. Siku ya pilau ya kuzindua kijitabu ukumbi ulijaa hadi nje, na nilipohesabu sahani nilijua wanachama tunao. Wengine walikula, wakachukua nakala, wakasema watatuma M-Pesa.

Nakala zilichapishwa 200. Zimeuzwa 73 kwa shilingi 300 kila moja, 30 tumezigawa kwa shule na wazee, na 97 ziko chumbani kwangu, ndani ya makatoni, mahali ambapo mke wangu angependa kuweka cherehani yake.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatumaini kuweka kibao pale kengele ilipo, kuwarekodi wazee waliobaki, na kuangalia uwezekano wa hema. Tarehe zitatangazwa. Nafasi ya mwenyekiti iko wazi kwa kila mwanachama aliyelipa ada, nami bado nipo mkiniona nafaa.

Mweka hazina ameketi mlangoni na kitabu cha risiti. Majina ya wale 92 ameyabandika ukutani kwa mpangilio wa alfabeti.