Rivebu ya Ampu Imekata? Usikimbilie Kununua Tanki

"Fundi, rivebu imekufa, nitafutie tanki jingine." Ombi hilo tunalipata sana hapa karakana, Tabora, hasa kutoka kwa wapiga gita wa kwaya na wa bendi za harusi wenye ampu (vikuza sauti) za valvu, zile taa za kioo, zilizoingia nchini zikiwa mitumba. Rivebu ni ule mwangwi wa gita, na tanki ni boksi la springi linaloutengeneza. Jibu letu huwa ni lilelile: lete mashine tuipime kwanza. Tanki la rivebu hulipati kwenye duka la spea za redio hapa mjini. Linaagizwa mbali, na nauli yake inaweza kukutoa jasho kuliko bei ya tanki lenyewe. Halafu mara nyingi tunakuta tanki ni zima, kilichokatika ni kijiwaya.

Tuanze na tanki lilivyo ndani. Ni boksi la bati lililo wazi upande mmoja; lile refu linalotumika kwenye ampu nyingi za Fender, kampuni ya Marekani, lina kama sentimita 42. Ndani zimetundikwa springi. Mwanzoni mwake kuna koili na sumaku ndogo: umeme wa sauti ya gita ukipita hapo, sumaku inatikisika na kuitikisa springi. Mtikisiko unakimbia hadi mwisho wa pili, ambako koili nyingine inaugeuza kuwa umeme tena. Sehemu ya mtikisiko inagonga mwisho na kurudi, inakwenda tena, inarudi tena, hadi mtikisiko wenyewe uchoke. Huo ndio mwangwi unaousikia. Springi za namna hii zilianzia kwenye ogani za Hammond. Fender walitoa boksi la rivebu la kujitegemea mwaka 1961, kisha mwaka 1963 wakaiingiza ndani ya ampu yenyewe, kwenye Vibroverb. Mji uliokuwa na bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz haujawahi kukosa mpiga solo anayeupenda mwangwi, kwa hiyo tunaelewa kwa nini ukavu wa ghafla unawakera watu.

Shida ni kwamba tanki ni kituo kimoja tu njiani. Kabla yake kuna valvu inayosukuma sauti, ambayo kwenye Fender nyingi ni 12AT7, na transfoma ndogo. Baada yake kuna valvu ya kupokea, kwa kawaida nusu ya 12AX7, halafu nobu. Kuna waya mbili za RCA (za plagi ndogo yenye pini moja katikati), ya kwenda na ya kurudi, na kuna swichi ya mguu. Popote njia ikikatika, sikio linasikia kitu kimoja: hakuna rivebu. Ndiyo maana tanki linasingiziwa.

Unaweza kupunguza washukiwa ukiwa nyumbani, bila kugusa chasisi, yaani bati lenye saketi za ampu. Chomoa kwanza plagi ya swichi ya mguu. Kwenye ampu za mtindo wa Fender swichi hiyo huzima rivebu kwa kuipeleka sauti kwenye gandi (waya wa ardhi), kwa hiyo waya wake ukigusana ndani, rivebu inabaki imezimwa hata ukikanyaga mpaka kesho. Ikirudi baada ya kuchomoa, utengeneze huo waya, mambo yamekwisha.

Haikurudi? Weka nobu ya rivebu katikati, kisha tikisa ampu kidogo ikiwa imewashwa. Kipimo hiki tunakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kifaa chochote. Ukisikia kishindo cha springi kwenye spika, basi koili ya mwisho, waya wa kurudi na valvu ya kupokea ni vizima. Tafuta upande wa kusukuma: 12AT7, transfoma yake, waya wa kwenda, au koili ya kwanza. Ukitikisa na pakawa kimya kabisa, geukia upande wa kurudi. Hapo chomoa waya wa RCA unaotoka kwenye tanki, sehemu iliyoandikwa OUTPUT, uguse pini yake ya katikati. Spika ikivuma, ampu inapokea vizuri na lawama inabaki kwa tanki. Isipovuma, badilisha waya huo kwanza. Ule wa deki ya video unafaa kwa kujaribia.

Mwenye mita apime koili, waya zote mbili zikiwa zimechomolewa. Hapa wateja wengi hushtuka bure. Tanki la kawaida la Fender lina maandishi 4AB3C1B, na vitabu husema ingizo lake ni omu 8. Mita inasoma chini ya omu 1, mtu anaamua koili imeungua. Haijaungua. Hizo 8 ni impidansi, yaani ukinzani wa koili sauti inapopita, wakati mita yako inapima waya mtupu kwa umeme wa betri. Ingizo la tanki hilo husoma takribani 0.8, na upande wa kutoka, unaotajwa kuwa omu 2250, husoma kama 200. Cha kukutia wasiwasi ni mita isiyosoma kitu kabisa.

Na hata ikiwa haisomi, usilitupe. Kati ya jeki ya RCA na koili kuna viwaya vyembamba sana, navyo ndivyo hukatika ampu ikirukaruka nyuma ya pikapu kutoka Sikonge au Kaliua. Tunavichomelea kwa risasi kidogo, chuma kikiwa na ncha ndogo, na tanki linaamka. Springi iliyochomoka kwenye ndoano yake nayo inarudishwa. Iliyovutwa ikalegea, au iliyoliwa na kutu kama tunavyoona kwenye baadhi ya ampu zinazotoka Kigoma kandokando ya ziwa, hiyo haina dawa. Tumewahi kufungua tanki tukakuta springi za kalamu ya wino. Ubunifu tuliupongeza, rivebu haikuwepo.

Kufungua chasisi tuachie sisi. Ndani ya ampu ya valvu kunaweza kuwa na zaidi ya volti 400, na kapasita hubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi ukutani.

Tanki likithibitika limekufa, linaloagizwa lazima lifuate namba ya la zamani. Matanki mawili yanaweza kulingana urefu na matundu ya skrubu, lakini yasielewane na ampu yako. Katika 4AB3C1B, 4 ni aina ya tanki, A ni impidansi ya kuingia, B ya kutoka, na 3 ni mwangwi mrefu. C inaeleza jeki ipi imeungwa na bati la tanki: hapa ni ya kutoka, ile ya kuingia imetengwa. Ukikosea herufi hiyo unaweza kununua mvumo. Ukiweka tanki la kuingia omu 1475 mahali pa omu 8, rivebu itasikika kwa mbali sana, nawe utamlaumu fundi. Herufi ya mwisho ni mkao: B ni upande ulio wazi ukitazama chini, A ukitazama juu. Springi zimepimwa kwa mkao wake, kwa hiyo usiligeuze tanki kwa sababu tu nafasi imekubana.

Wakati wa kufunga, mwisho wenye OUTPUT tunauweka mbali na transfoma kubwa ya umeme, kwa sababu koili ile hunasa mvumo kirahisi. Tanki linarudi kwenye mfuko wake, na skrubu hazikazwi hadi kubana raba, maana zikibana, kila mtetemo wa boksi unaingia kwenye springi.

Tuletee ampu nzima pamoja na swichi ya mguu, maana tanki peke yake linatueleza nusu tu ya habari. Kama ni ya volti 120 kutoka Marekani, njoo pia na transfoma unayoitumia kushushia umeme. Walio Urambo, Nzega au Kigoma, kabla ya kuituma kwa basi au treni tutumieni picha ya namba iliyopigwa kwenye tanki na video fupi mkiitikisa ampu, sauti ikisikika. Mara nyingine tunaona hapo hapo kwamba ni waya wa RCA tu, na ampu haina haja ya kusafiri.